Mlango Ukifungwa, Nani Kaufunga?

Bwenini kwetu tulikuwa na alama. Ukifunua jalada la nyuma la riwaya ya Mills & Boon iliyopita mikono ya watu kumi, ulikuta mchoro mdogo wa penseli: mlango wenye kitasa. Ukiwa umepakwa weusi, maana yake mlango umefungwa: wapendanao wanabusiana, ukurasa unageuka, kumekucha. Ukiachwa mweupe, basi soma ukijua unaingia wapi.

Vitabu vyenyewe vilitoka kwa wauza vitabu vya mitumba, wale wanaotandaza mali yao chini kando ya barabara za Dar es Salaam. Tulivisoma usiku kwa tochi, shuka kichwani. Tusidanganyane, wengi wetu tuligombea milango myeupe. Mmoja tu, aliyelala kitanda cha juu yangu, alitaka myeusi. Tukambatiza Sista.

Mwaka jana niliandika uhakiki wa riwaya ya mapenzi ya aina hiyo, na sikuionea huruma. Nilisema ni mapenzi ya watoto wa kipaimara, kwamba mwandishi kaogopa mwili. Siku mbili baadaye Sista akanipigia simu.

"Shosti, nimesoma ulichoandika. Unadhani ule mlango huwa anaufunga nani?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwandishi wa habari, nikikosa jibu huwa natafuta. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908 na Gerald Mills na Charles Boon. Mwanzoni ilichapisha vitabu vya kila namna, Jack London akiwemo. Ilipofika miaka ya 1930 ndipo ikaegemea mapenzi, na mteja wake mkubwa akawa mwenye maktaba ya kukodisha, zile ambazo mtu alilipa peni mbili tatu akaondoka na kitabu. Vilikuwa na majalada ya kahawia na watu waliviita hivyohivyo, vitabu vya kahawia. Sasa mwenye maktaba hataki ugomvi na mzazi wa mtu. Magazeti ya wanawake yaliyonunua hadithi hizo na kuzichapa kwa mfululizo nayo yalikuwa na masharti yake. Ireland ilikuwa na sheria ya udhibiti wa vitabu ya mwaka 1929, na mchapishaji aliyetaka kuuza huko ilibidi aikumbuke. Kwa hiyo mlango wa kwanza ulifungwa na biashara. Msomaji aliukuta umeshafungwa.

Mlango wa pili uko Kanada. Harlequin ilianza mwaka 1949 mjini Winnipeg, ikichapa upelelezi, wachunga ng'ombe wenye bastola, mapishi, chochote kinachouzika. Mwaka 1957 ikaanza kuchapa upya riwaya za Mills & Boon, hasa zile za madaktari na wauguzi; ya kwanza ilikuwa The Hospital in Buwambo ya Anne Vinton. Mwenye kuchagua alikuwa Mary Bonnycastle, mke wa mwenye kampuni, Richard Bonnycastle. Alizipenda hadithi hizo na alitaka zibaki na staha. Yaani kwa miaka mingi, walichosoma wanawake wa bara zima kilipita kwanza mikononi mwa mama mmoja wa Winnipeg.

Lakini waandishi wa London walikuwa wameanza kuongeza moto. Mwaka 1973 Harlequin ikaanzisha mfululizo wa pembeni, Harlequin Presents, kwa ajili ya akina Anne Mather, Anne Hampson na Violet Winspear. Kwangu hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote. Kwa mara ya kwanza aina mbili zilikaa rafu moja kwa majina mawili, na msomaji akaanza kuchagua kwa kuangalia jalada. Ni ule mchoro wetu wa penseli, ila wao waliuchapa kiwandani.

Mwaka mmoja nyuma, 1972, Avon ya Marekani ilikuwa imetoa The Flame and the Flower ya Kathleen Woodiwiss. Wanaosimulia historia ya riwaya za mapenzi hukitaja kama kitabu kilichofungua mlango wa chumba cha kulala, na mimi mwenyewe nimewahi kurudia maneno hayo kwa furaha, kana kwamba naripoti uhuru wa nchi. Safari hii nilikisoma. Mwanamume anambaka msichana, kisha hadithi inatumia mamia ya kurasa kumgeuza huyohuyo kuwa mume wa ndoto. Kitabu kiliuzwa kwa mamilioni, wengi wakamuiga. Basi msomaji wa miaka ile aliyeuacha mlango wazi na kurudi kwenye uliofungwa, mimi na uhakiki wangu tulimwita mwoga.

Na kwetu? Miaka hiyohiyo, mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, riwaya isiyoficha yanayompata msichana aliyelelewa kwa fimbo na kufichwa dunia. Ikapigwa marufuku shuleni. Baadaye ikarudi shuleni kama kitabu cha kiada. Mwaka 1976 Tanzania ikapiga marufuku vitabu vya David Maillu wa Kenya. Hapo mlango ulifungwa na serikali, na aliyefungiwa hakuulizwa. Rosa anaangamia kwa sababu watu wazima walimwamulia ajue nini na asijue nini. Kuwanyima wanafunzi kitabu hicho ilikuwa ni kuirudia hadithi yenyewe.

Ndiyo maana siku hizi nakuwa mwangalifu na neno "safi". Wanaopenda riwaya hizi mara nyingi huziita hivyo, na ukishasema hii ni safi, umeshasema ile nyingine ni chafu. Afadhali "mlango uliofungwa", maana linaeleza kitu bila kumhukumu mtu. Anayeshika kitabu cha namna hiyo anadai mambo machache yanayoeleweka: wawili wapendane kwelikweli, hata kutamaniana, busu lipo, ya chumbani yabaki chumbani, mwisho uwe mwema. Harlequin ilipoanzisha Love Inspired mwaka 1997, mfululizo wa mapenzi ya Kikristo, ilikuwa inauza ahadi hiyohiyo pamoja na imani. Mwandishi akiivunja katikati ya kitabu, msomaji ana haki ya kukasirika. Kalipia kitu kimoja kapewa kingine.

Tena jambo hili si geni kwa Waswahili. Bibi zetu walizungumza mapenzi kwa kanga na kwa mafumbo, mwenye kuelewa akaelewa. Hakuna aliyedhani hawajui mwili ni nini.

Nilimrudia Sista na majibu yangu yote: maktaba, Winnipeg, Avon, Kezilahabi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi niliufunga mwenyewe."

Akaniambia kwamba kabla hajafika bwenini kwetu, yale tuliyokuwa tukiyagombea kwa tochi alikuwa ameshafanyiwa na mtu aliyemzidi umri, mtu ambaye hakumtaka. "Nyie mlikuwa mnasoma ili mjue. Mimi nilikuwa najua. Nilitaka mahali ambapo mwanamume anampenda mtu, na nikigeuza ukurasa hakuna kitakachonirukia." Ameniruhusu niandike haya bila jina lake. Sharti lake moja: nisimfanye wa kuhurumiwa, kwa sababu kuna wengi wanaozipenda riwaya hizo kwa raha tu, hawana kidonda chochote.

Uhakiki wangu upo, siwezi kuufuta. Riwaya ile bado naiona dhaifu. Mazungumzo yake ni makavu na mwisho wake una haraka. Ila sentensi ile ya kipaimara naiondoa, naiondoa hapa hadharani.

Nilimuuliza pia ni nani aliyeanzisha ile michoro ya penseli, maana sote tulidhani ilikuwepo kabla yetu.

Akacheka. "Kwani ulidhani ni nani?"