Sheria ya Saa na Kumbukumbu za Kompyuta

Saa ya ukutani hufuata jua, lakini hufuata na serikali pia. Tarehe 8 Agosti, 2005, Rais George W. Bush wa Marekani alitia sahihi sheria ya nishati iliyorefusha saa za kiangazi, yaani ile desturi ya kusogeza saa mbele ili mwanga wa jioni upate kutumika. Tangu mwaka wa 2007 saa husogezwa mbele Jumapili ya pili ya Machi, wala si ya kwanza ya Aprili. Hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, wala si ya mwisho ya Oktoba.

Kwa mwanadamu badiliko hilo lilikuwa jepesi. Kwa kompyuta lilikuwa zito. Hifadhidata nyingi huandika tukio kwa wakati wa dunia, kisha huugeuza kuwa saa za mahali kwa kufuata jedwali la kanuni. Kompyuta zilizobaki na jedwali la kale zilikosea saa nzima toka 11 Machi hata 1 Aprili, 2007. Nyingine zilikuwa na nafasi ya kanuni moja tu. Zilipopewa mpya, ya zamani ilitoweka, na kosa likahamia siku zilizopita. Tukio la New York la saa 6 mchana, 20 Machi, 2006, huandikwa saa 11 jioni kwa wakati wa dunia. Likisomwa kwa kanuni mpya, huonekana lilitokea saa 7. Maandishi hayakuguswa, lakini ushahidi wake umeharibika.

Tangu miaka ya 1980 Arthur David Olson na wenzake walikusanya kanuni za saa kwa mahali na kwa mwaka, pasipo kuifuta ya kale ijapo mpya. Hazina hiyo hutumiwa na kompyuta nyingi ulimwenguni.

Mambo yajayo yana hadhari yake. Tarehe 26 Oktoba, 2018, serikali ya Moroko iliamua kutorudisha saa nyuma, zikiwa zimebaki siku 2 tu. Miadi ya Casablanca ya saa 3 asubuhi mwezi wa Novemba, iliyokwisha kugeuzwa kuwa wakati wa dunia, ingesomwa saa 4. Basi yaliyopita yafaa yaandikwe kwa wakati wa dunia, na miadi iandikwe kwa saa ya mahali pamoja na jina la mji. Maana watu waliahidiana kwa saa ya mji wao.