Daktari wa Lulindi Aliyeshika Wizara ya Afya

Kata ya Mbwawa imekaa pembezoni mwa Mji wa Kibaha, upande wa kuelekea Kisarawe. Kaskazini yake ndiko iliko Tumbi, kwenye barabara kuu ya Morogoro, ambako hospitali ilikua kutokana na kituo cha afya kilichojengwa kwa msaada wa nchi tano za Nordiki chini ya mkataba wa 1963. Kusini yake, katika vilima vya Kisarawe, iko Minaki, shule ambayo misheni ya Kianglikana ya UMCA iliihamisha kutoka Kiungani, Zanzibar, mwaka 1925. Minaki ni kazi ya wamisionari wa enzi ya Waingereza. Tumbi ni kazi ya taifa lililojitawala na marafiki zake. Miaka 40 hivi inazitenganisha, na katika miaka hiyo nchi nzima ilihama: shughuli ya kuwatibu na kuwasomesha watu wa vijijini ilitoka mikononi mwa makanisa ikawa deni la serikali.

Kuna daktari mmoja aliyeipita njia hiyo yote kwa miguu yake. Jina lake Leader Stirling, Mwingereza aliyezaliwa Januari 1906, aliyekuja Tanganyika mwaka 1935 akiwa daktari wa UMCA na akaishia kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kusini, mbali na huku Uzaramo. Hata hivyo, mama wa Pwani aliyembeba mwanawe kwenda kumpima uzito kwenye zahanati ya kijiji katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 alikuwa akiyaona kwa macho maamuzi yaliyopita mezani kwa mtu huyu.

Stirling alisomea udaktari London. Misheni ilimpeleka Dayosisi ya Masasi, iliyokuwa chini ya Askofu Vincent Lucas, yule aliyejulikana kwa kuupa unyago na jando nafasi ndani ya Ukristo badala ya kuvipiga marufuku. Kwa miaka mingi kituo chake kilikuwa Lulindi. Hospitali ilikuwa majengo ya miti, udongo na nyasi. Wagonjwa walifika wakitembea, au wakiletwa kwa machela na ndugu zao waliopokezana mabegani kutoka vijiji vya mbali. Walikuja na buba, na ukoma, na madonda ndugu yaliyokula mguu hadi mfupa, na ngiri zilizokuwa zimeachwa miaka, na safura, na uzazi uliokwama siku mbili.

Daktari wa namna hiyo hakuwa na anasa ya kuwa bingwa wa jambo moja. Asubuhi alipasua, mchana alitazama wagonjwa wa nje, jioni alikuwa fundi wa kuezeka paa. Na kwa kuwa alikuwa mmoja na wagonjwa hawana idadi, Stirling aliona mapema kwamba mikono yake miwili haitoshi hata akikesha. Akaanza kufundisha vijana wa huko huko uuguzi. Hili ndilo jambo kubwa la maisha yake, kubwa kuliko upasuaji wowote alioufanya. Nchi ilikuwa imezoea dresa: kijana aliyejua kuosha kidonda, kufunga bandeji na kuchoma sindano, basi. Stirling alitaka wauguzi waliofunzwa sawasawa, wanaojua kwa nini wanafanya wanachofanya. Mwaka 1947 alichapisha kitabu cha kwanza juu ya kazi hiyo, Bush Doctor.

Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Tanganyika. Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo matatu ya mradi, pamoja na Kongwa na Urambo. Misitu ikang'olewa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani, bandari ikajengwa Mtwara. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, na zaidi ya pauni milioni 35 za Kiingereza zilikuwa zimepotea. Stirling alilishuhudia anguko hilo akiwa jirani kabisa, maana mwaka 1949 alikuwa amejiunga na Kanisa Katoliki, akaiacha UMCA na kuhamia Mnero, karibu na Nachingwea, kwenye hospitali iliyokuwa chini ya Wabenedikto wa Ndanda. Ni vigumu kuziweka Mnero na Nachingwea kwenye ramani moja bila kukasirika. Upande mmoja mamilioni yalizikwa ardhini kwa ajili ya mafuta ya kupikia ya watu wa Ulaya. Upande wa pili, mwendo mfupi tu kutoka hapo, hospitali ya kijiji ilikuwa ikiishi kwa sadaka.

Wala Stirling hakuwa daktari wa kwanza wa Tanganyika kuona kwamba dawa peke yake haitoshi, na kugeukia siasa. Mwaka 1950, Dakta Vedasto Kyaruzi, Mhaya aliyesomea udaktari Makerere, alichaguliwa Dar es Salaam kuwa rais wa Tanganyika African Association (TAA), akiwa na Abdulwahid Sykes kama katibu. Uongozi wao uliitoa TAA kwenye usingizi, ukaandaa mapendekezo ya katiba kwa serikali ya Gavana Twining. Serikali haikumfunga daktari. Ilimhamisha. Kyaruzi alijikuta Kingolwira, kwenye hospitali ya gereza karibu na Morogoro, kisha Nzega, mbali kabisa na Dar es Salaam. Alikuwa mtumishi wa serikali, na mtumishi huenda anakotumwa. Baada ya uhuru alikwenda New York kuiwakilisha Tanganyika Umoja wa Mataifa.

Nafasi ya rais wa TAA ilikuja kushikwa Aprili 1953 na mwalimu wa Pugu, palepale kwenye vilima vya Kisarawe. Julius Nyerere naye alitakiwa kuchagua kati ya kazi na siasa. Mwaka 1955 aliacha ualimu. Ukiitazama orodha ya watu wa kwanza wa siasa za Tanganyika utakuta walimu wengi, makarani wengi, na madaktari wachache mno, kwa sababu madaktari wenyewe walikuwa wachache. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba nchi ilipata uhuru ikiwa na madaktari wazalendo 12. Kumtoa mmoja wodini umpeleke barazani kulikuwa na gharama inayohesabika kwa wagonjwa.

Stirling aliingia siasa kwa mlango ambao leo unaonekana wa ajabu. Uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959 ulifanywa kwa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, ama sivyo karatasi yake iliharibika. Na si kila mtu alikuwa mpiga kura. Ilitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, sawa na shilingi 3,000 za wakati huo, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Wakwere na Wazaramo wengi wenye minazi na mikorosho yao hawakukaribia masharti hayo. TANU, chama kilichotokana na TAA, ilijadili jambo hilo kwa hasira kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, wengine wakitaka kususa. Nyerere aliwashawishi waingie, na chama kikagawanyika kwa ajili ya uamuzi huo.

Waliokubali kushiriki walikabiliwa na swali la papo kwa papo: ni Mzungu gani na Mhindi gani wa kuwapa kura? TANU wakati huo ilikuwa chama cha Waafrika tu, kwa hiyo wagombea hao iliwaunga mkono bila kuwaandikisha. Ndivyo walivyopatikana akina Derek Bryceson, Amir Jamal, Sophia Mustafa na Lady Chesham. Huko kusini jina lilikuwepo tayari, na halikuhitaji kunadiwa sana: daktari wa misheni ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa amewapasua, amewazalisha na kuwazika watu wa huko. Stirling akaingia Barazani akiungwa mkono na TANU. Wagombea wa chama walishinda kote walikopingwa, na mtego wa kura tatu ukawanasa waliouweka.

Uhuru ulipokuja, wengi wa Wazungu walifunga mizigo. Yeye alichukua uraia na kubaki. Aliendelea kuwa mbunge na kuendelea kuwa daktari kwa pamoja. Kutoka Mnero alikwenda Kibosho, chini ya Mlima Kilimanjaro, bado akishika kisu cha upasuaji. Aliongoza pia skauti wa nchi akiwa Skauti Mkuu. Nyerere alipomteua kuwa Waziri wa Afya mwaka 1975, daktari huyu alikuwa na miaka 69, umri ambao watumishi wengi wamekwisha kustaafu zamani.

Wizara aliyoikuta ilikuwa katikati ya kazi kubwa. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limetaka serikali iwageukie watu wa vijijini, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 TANU iliamua kwamba maji, elimu ya msingi na afya vijijini vitangulie kabla ya hospitali kubwa za mijini. Mwaka 1973 redio iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni 2 walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza vipindi, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wakati huohuo Operesheni Vijiji ilikuwa ikiwahamisha watu kutoka nyumba zilizotawanyika kwenda vijiji vya pamoja, mara nyingi kwa nguvu. Pwani nako watu waliiacha miembe na makaburi ya wazee wao. Mantiki ya serikali ilikuwa kwamba zahanati haiwezi kujengwa kwa kila nyumba msituni, ila inaweza kujengwa kijijini. Zahanati nyingi zilijengwa kweli, na hilo lisemwe wazi. Lakini aliyeona nyumba yake ikibomolewa hakuombwa radhi kwa sababu kijiji kipya kilikuwa na zahanati.

Takwimu za kipindi hicho zinajieleza. Wakati wa uhuru nchi ilikuwa na vituo vya afya 22 na zahanati chini ya 1,000. Kufikia 1980 vituo vya afya vilikaribia 240, na zahanati zilikuwa kama 2,600. Haikuwezekana kuwapata madaktari wa kujaza majengo yote hayo. Waliojaza walikuwa waganga wasaidizi wa vijijini, wauguzi na wakunga, waliofunzwa kwa miaka michache na kurudishwa vijijini. Hapa Stirling wa Lulindi anaonekana waziwazi ndani ya Stirling wa wizarani. Kile alichokifanya kwa kijana mmoja mmoja kwenye banda la nyasi mwaka 1940, serikali sasa ilikuwa ikikifanya kwa maelfu. Chanjo za watoto nazo zilianza kupangwa kama mpango wa taifa mwaka 1975. Dunia ilipokutana Alma-Ata, Umoja wa Kisovyeti, Septemba 1978, kutangaza kwamba huduma ya afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikia watu wote, Tanzania ilikuwa imekwisha kuijaribu njia hiyo kwa miaka kadhaa.

Uamuzi mgumu zaidi wa wakati wake ni sheria ya 1977 ya hospitali binafsi. Ilipiga marufuku kutibu kwa faida. Daktari aliyetaka kufungua chumba chake mjini alifungiwa mlango. Hospitali za makanisa zilibaki kwa kuwa hazikufanya biashara, na baadhi yake zikafanywa hospitali teule za wilaya. Ni rahisi kuona kwa nini mtu aliyeishi Lulindi na Mnero angeiamini sheria hiyo. Hakuwahi kumwona mgonjwa wa kijijini mwenye fedha ya kumlipa daktari, na alijua kwamba kila daktari aliyefungua duka la tiba mjini alikuwa amepungua mahali fulani kijijini. Lakini sheria ilikuja wakati mbaya. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikomba hazina, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikakauka. Zahanati zilikuwepo, mganga alikuwepo, kabati la dawa likawa tupu. Mgonjwa aliandikiwa dawa akaambiwa akanunue, na pa kununua hapakuwepo. Kumzuia daktari binafsi wakati serikali yenyewe haina vidonge vya malaria lilikuwa kosa, hata kama nia ilikuwa ya kumlinda maskini.

Stirling aliondoka wizarani na bungeni mwaka 1980. Sheria ile ililegezwa mwaka 1991, na vyumba vya madaktari binafsi vikafunguliwa tena mijini. Siasa za madaktari nazo zikachukua sura nyingine. Mwaka 2000 Mkuranga, wilaya iliyokatwa kutoka Kisarawe, ilimpeleka bungeni daktari kijana, Hussein Ali Mwinyi, aliyesomea Uturuki. Alianza na unaibu waziri wa afya, akapita wizara kadhaa, na mwaka 2020 akawa Rais wa Zanzibar. Mwinyi alitoka wodini mapema akakabidhi maisha yake kwa siasa. Stirling alikaa wodini miaka 40 kabla ya kukalia kiti cha waziri, na hata akiwa mbunge hakuiacha wodi.

Kabla ya kufa aliandika vitabu vingine viwili: Tanzanian Doctor mwaka 1977, akiwa bado waziri, na Africa, My Surgery mwaka 1987. Alifariki Februari 2003 akiwa na miaka 97, baada ya kuishi karibu miaka 70 tangu ashuke pwani ya Tanganyika. Hospitali ya Mnero bado inatibu wagonjwa wa Nachingwea, na chuo cha uuguzi cha hapo bado kinafundisha vijana.