Mafunzo elekezi ya mwalimu mpya na uthibiti ubora wa vyuo vikuu

Mafunzo elekezi ni malezi ya kikazi anayopewa mwalimu katika mwaka wa kwanza au miwili ya mwanzo baada ya kuhitimu. Huwa na mwalimu mlezi, vipindi vichache kuliko vya wenzake, na mtu wa kukaa nyuma ya darasa, kumwangalia akifundisha na kumweleza kasoro zake kabla hazijawa mazoea. Uthibiti ubora wa vyuo vikuu ni kazi ya kuhakikisha kwamba shahada inayotolewa ina thamani inayotangazwa nayo. Ofisi zinazosimamia mambo haya ni tofauti, na mara nyingi hata waandishi huyaeleza mbalimbali. Hapa yanawekwa pamoja, kwa sababu mtoto wa kidato cha kwanza anayesoma Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, huyapokea yote kwa mkupuo mmoja: mwalimu anayesimama mbele yake.

Chuo kikuu kinavyopimwa

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na ubora wake ulilindwa kwa mitihani iliyopimwa kwa kipimo cha London. Kuanzia 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, hadi muungano huo ulipovunjika mwaka 1970. Utaratibu wa watahini wa nje, yaani wahadhiri wa chuo kingine wanaokuja kupitia maswali na majibu ya wanafunzi, ulibaki na upo mpaka leo.

Vyuo binafsi vilipoanza kufunguliwa katika miaka ya 1990, kipimo hicho kikawa hakitoshi. Tanzania iliunda Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu mwaka 1995, na mwaka 2005 Sheria ya Vyuo Vikuu ikalibadilisha kuwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kenya ilikuwa na tume yake tangu 1985, ikaiunda upya kwa sheria ya 2012. Uganda ilianzisha baraza lake kwa sheria ya 2001. Juu ya wote kuna Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, ambalo mwaka 2010, likishirikiana na shirika la Ujerumani la DAAD, lilitoa mwongozo wa pamoja wa ubora. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, ili shahada ya nchi moja itambuliwe katika nchi nyingine bila usumbufu.

Kazi yenyewe ina hatua zinazofanana karibu kila nchi. Chuo hujitathmini chenyewe na kuandika ripoti, kisha wataalamu wa nje huja kuilinganisha na hali halisi. Huangalia mtaala, sifa na idadi ya wahadhiri, maktaba, maabara na utaratibu wa mitihani. Tume ikiridhika, hutoa ithibati.

Tume hizi si za kuogofya kwa maneno tu. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na kuzifunga kozi 75 katika vyuo vingine 22. Mwaka mmoja kabla, Mei 2016, zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati, waliodahiliwa Chuo Kikuu cha Dodoma baada ya kidato cha nne, walirudishwa nyumbani. Baadaye waliokidhi vigezo walipelekwa vyuo vya ualimu. Nchi ilikuwa na njaa ya walimu wa sayansi, na ikachagua njia ya mkato. Vijana ndio waliolipa.

Njia za mkato zina historia ndefu katika ualimu wa Tanzania, na zote hazilingani. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa wote (UPE), vijana waliomaliza darasa la 7 waliandaliwa kuwa walimu hukohuko vijijini, wakifundisha huku wakisoma kwa posta, kwa redio na kwa wakufunzi waliowafuata. Miaka ya 2000, shule za kata zilipoota kila mahali chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, wahitimu wa kidato cha 6 walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa darasani kwa leseni. Wananchi wakawaita voda fasta. Mwalimu wa UPE amebezwa sana, lakini kwa jambo moja alimzidi mwenye shahada wa leo: aliendelea kufundishwa kazi akiwa kazini, kwa miaka.

Mwaka wa kwanza Bugarama

Mwalimu anayepangiwa Bugarama, anayeitwa na wenzake ajira mpya, huanzia makao ya halmashauri. Huko huonyesha vyeti halisi, hujaza fomu, hufunguliwa faili, kisha huanza kusubiri cheki namba na mshahara wa kwanza. Akifika shuleni humkabidhi mkuu wa shule barua yake. Mtaaluma humpa ratiba, muhtasari wa somo, kitabu cha kiada na chaki. Kama amesomea fizikia au hisabati, ratiba yake huwa imejaa kabla hajakaa kitini, na siku hiyohiyo anaweza kutakiwa kuingia darasani. Atadaiwa azimio la kazi, andalio la somo na nukuu, na wiki si nyingi zitapita kabla jina lake halijaingia kwenye orodha ya walimu wa zamu.

Nyaraka hizo chuo kilimfundisha kuziandika. Hakikumfundisha nini cha kufanya rashi inapotokea. Dhahabu ikionekana mahali, wachimbaji wadogo humiminika, maduara huchimbwa, makarasha ya kusaga mawe huanza kunguruma, na vijana wa kidato cha pili na cha tatu huonekana mialoni, dhahabu inakooshwa, badala ya darasani. Mwalimu mgeni huona madawati matupu na kuandika utoro. Mwenyeji anajua ampigie mzazi yupi, amwendee mwenyekiti yupi wa kitongoji, na ni mwanafunzi gani analisha wadogo zake kwa kazi ile, ambaye viboko havitamrudisha. Elimu hiyo haimo kwenye muhtasari wowote. Hupatikana kwa kukaa na aliyetangulia. Tena chumba cha kupanga karibu na mgodi hufuata bei ya mfuko wa mchimbaji, wala si wa mwalimu wa ngazi ya mshahara ya TGTS D anayesubiri mshahara wake wa kwanza.

Mwanafunzi mpya, kinyume chake, ana utaratibu. Anayetoka shule ya msingi iliyofundisha kwa Kiswahili hupewa kozi ya awali ya Kiingereza katika wiki za mwanzo za kidato cha kwanza. Anayemfundisha kozi hiyo anaweza kuwa amewasili juzi, na yeye hana yake.

Kwenye karatasi, mwalimu mpya yuko katika kipindi cha majaribio cha miezi 12. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, ndiyo inayomthibitisha kazini. Utendaji wake huingizwa kwenye mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya OPRAS, na wengi huujaza kwa simu, wakitafuta mtandao. Uthibiti ubora wa shule, ulioitwa ukaguzi zamani, nao hufika kwa zamu zake. Vyombo vyote hivi hupima. Kinachokaribia malezi ni MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo mfumo wake wa kitaifa ulitolewa mwaka 2020 na ambayo huwakutanisha walimu katika jumuiya za kujifunza shuleni na katika kata. Ni hatua ya maana, lakini ni ya walimu wote. Mgeni hana nafasi yake ya pekee humo.

Nchi nyingine

Japani iliyafanya mafunzo ya mwaka wa kwanza kuwa ya lazima kwa sheria ya 1988, na kuyaanza 1989. Scotland, tangu 2002, humhakikishia mhitimu nafasi ya mwaka mzima shuleni, akiwa na vipindi vilivyopunguzwa na mlezi anayetambulika. England ilirefusha kipindi hicho hadi miaka 2 kuanzia Septemba 2021: mwalimu hupunguziwa asilimia 10 ya vipindi mwaka wa kwanza na asilimia 5 wa pili. Kinachoziunganisha nchi hizi ni muda, ambao serikali imekubali kuugharamia.

Kenya inatoa onyo. Mpango wa walimu wanagenzi wa Tume ya Huduma ya Walimu ulielezwa kuwa njia ya kumpa mhitimu uzoefu, ila mwanagenzi alibeba darasa zima kwa posho iliyo chini sana ya mshahara wa mwalimu. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Kazi iliamua kwamba tume hiyo haikuwa na mamlaka ya kuajiri wanagenzi, na mwezi uliofuata walimu hao wa sekondari ya chini waligoma. Mwalimu asiyepunguziwa vipindi na asiye na mlezi hawezi kuitwa mwanafunzi wa kazi. Ni mfanyakazi anayelipwa kidogo.

Wahadhiri wenyewe hawako mbali na tatizo hili. Kijana mwenye ufaulu wa juu hubakizwa chuoni kufundisha kwa sababu ya alama zake, na Uingereza ilihitaji ripoti ya Dearing ya 1997 kuhusu elimu ya juu ndipo suala la kuwafunza wahadhiri wapya kufundisha lichukuliwe kwa uzito.

Pengo kati ya vyombo

Ithibati ya TCU humfuata mwalimu hadi siku ya mahafali. Kuanzia hapo yuko mikononi mwa mwajiri. Vyuo hufanya tafiti za kufuatilia wahitimu, na zinafaa, lakini swali lake kuu huwa kama mhitimu amepata kazi. Anafundishaje mada ya logarithimu mbele ya darasa lililofurika, na ni kitu gani alichokikosa chuoni akakihitaji Msalala, havirudi kwa aliyeandika mtaala.

Kwa upande wa makazi ya mwalimu, tangu marekebisho ya sheria ya madini ya 2017, halmashauri zenye migodi hukubaliana na kampuni matumizi ya fedha za huduma kwa jamii, na nyumba ya mwalimu ni matumizi mazuri ya fedha hizo. Mlezi mwenye vipindi pungufu hahitaji mgodi. Shule yenye walimu kadhaa wa somo moja inaweza kumpunguzia mmoja vipindi viwili kwa wiki, na isiyo nao ikamtumia wa shule jirani kupitia afisa elimu kata.

Wahadhiri nao tayari hufika mashuleni kila mwaka kuwapima wanafunzi wao walio katika mazoezi ya kufundisha. Mara nyingi huja asubuhi, hukaa nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja, hujaza fomu ya alama na kuondoka kwenda shule inayofuata. Katika shule hizo hizo kuna wahitimu wao wa mwaka jana na juzi. Kuingia katika darasa la mmoja wao kwa dakika 40, na kupeleka kilichoonekana kwenye kikao cha kupitia mtaala, hakuongezi nauli.