Sala ya Jioni ya Kuimbwa

Mwezi wa Agosti, kwaya nyingi za makanisa makuu ya Uingereza huwa likizoni, na kwaya za wageni hupokezana kushika nafasi zao. Ibada wanayokuja kuimba Waingereza huiita choral evensong. Tuiiteje kwa Kiswahili?

Ibada hii ilipangwa na Askofu Mkuu Thomas Cranmer katika Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha 1549. Alichukua sala mbili za kale, Masifu ya Jioni na sala ya kabla ya kulala, akaziunganisha kwa Kiingereza. Ya kwanza ilileta Wimbo wa Mariamu, ya pili Wimbo wa Simeoni. Ndiyo maana nyimbo hizo mbili za Injili ya Luka husikika katika ibada moja, kila mmoja baada ya somo lake. Kwa hiyo “Masifu ya Jioni”, jina la Wakatoliki, hugusa nusu tu ya jambo. “Tamasha la kwaya” ndilo linalopotosha kabisa.

Waanglikana wa Afrika Mashariki tayari wana Sala ya Jioni. Napendekeza tuongeze neno moja: Sala ya Jioni ya Kuimbwa. Hapo kinachoimbwa ni sala yenyewe.

Kazi ya kwaya ya wageni inathibitisha hilo. Muziki wa Wimbo wa Mariamu huweza kuchaguliwa, uwe wa Stanford wa 1879 au wa Howells wa 1945. Zaburi huikuta imewekwa. Kitabu cha Sala cha 1662 kimezigawa zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni. Penye kufuata mpango huo, kwaya inayofika jioni ya tarehe 15 huikuta Zaburi ya 78, yenye aya zaidi ya 70. Waimbaji hukaa pande mbili zikitazamana, wakipokezana aya. Noti moja hubeba maneno mengi, kisha sauti hugeuka kila nusu ya aya inapokaribia kwisha. Hakuna mapigo ya kuhesabu. Wanategemea kuvuta pumzi na kutamka kwa pamoja.

Waumini husikiliza sehemu kubwa ya ibada, na desturi ni kutopiga makofi, kwa kuwa kwaya inasali kwa niaba yao. Basi ratiba iandikwe: “Sala ya Jioni ya Kuimbwa, pamoja na kwaya ya wageni.” Msomaji atajua amealikwa kusali.