Jukwaa la Nyimbo Kabla ya Televisheni

Vijana wa mtaani kwetu Chanika wanafanya mazoezi ya onyesho la nyimbo zinazofuatana, kila wimbo ukibeba kisa cha mtu wake, bila msimulizi katikati. Mavazi wameniletea mimi niwashonee. Nikiwa kwenye cherehani nawasikia wakisema kwamba kitu hiki ni kipya, kimetoka Marekani juzijuzi. Hilo silikubali. Mji huu wa Dar es Salaam ulikuwa na jukwaa lake la nyimbo na maigizo, lililojaza kumbi na baa za Kinondoni, Magomeni na Temeke, na mama yangu aliwashonea waliokuwa wakipanda juu yake.

Mizizi yake iko mbali. Enzi za Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyofuata, Dar es Salaam ilikuwa na vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vyenye sare, vyeo na gwaride la kuiga jeshi. Chama kimoja kikitunga wimbo wa kumpiga kijembe mwenzake, mwenzake halali mpaka amejibu. Vyama vya taarabu vilivyokuja baadaye, Egyptian Musical Club na Al-Watan, vilirithi ushindani uleule, na upande wa Unguja kina mama wa Nuru l-Uyuni na Royal Navy walijibizana hivyohivyo. Kwa hiyo wimbo wa mjini ulitoka ukijua kwamba utajibiwa. Ukizipanga nyimbo hizo kwa mfuatano wake unapata kisa kizima: ugomvi ulivyoanza, nani alinuna, nani alirudi kwa kishindo. Hicho ndicho wanachokitafuta vijana wangu.

Baada ya Uhuru serikali iliunda kikundi cha taifa cha ngoma, ikapeleka vijana China kujifunza sarakasi, na baada ya Azimio la Arusha washairi wakaitwa kulieneza. Mathias Mnyampala akatupa ngonjera, mashairi ya majibizano yanayosemwa jukwaani, na shule zikayapokea. Vikundi vile vya serikali vilipovunjwa, kazi ya kufundisha ikahamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa 1981. Lakini watazamaji wa uswahilini hawakwenda Bagamoyo. Waliwafuata watu binafsi, na wa mbele kabisa alikuwa Norbert Chenga, aliyeanzisha Muungano Cultural Troupe mwaka 1980. Kikundi cha Mandela cha Bakari Mbelemba, ambaye wasikilizaji wa redio walimjua kama Mzee Jangala, nacho kilikuwa na watu wake.

Onyesho moja lilikuwa na kila kitu. Mnaanza alasiri na sindimba ya Wamakonde, lizombe ya Wangoni, bugobogobo ya Wasukuma, na hapa kwetu Uzaramoni mdundiko haukosi. Sarakasi inafuata. Halafu ngonjera au kwaya, kichekesho, igizo refu la ndoa iliyoingiliwa na shemeji au mganga tapeli, na taarabu. Unalipa mlangoni mara moja tu, unatoka usiku.

Mama alinifundisha siri ya mpangilio ule kwa sindano. Msanii aliyecheza sindimba kwa kaniki na njuga miguuni ndiye huyohuyo aliyetakiwa kusimama baadaye kwenye safu ya waitikiaji wa taarabu, amevaa gauni la satini lililomwagika mpaka chini. Gauni lile halikushonwa kama la harusi. Mgongo wote ulikuwa wazi, unafungwa kwa zipu moja ndefu na vishikizo vya kubonyeza, ili mtu alivae juu ya jasho lake bila kupitisha kichwani na kuharibu nywele. Kwapani mama aliacha kitambaa cha ziada, maana gauni moja lilivaliwa na zaidi ya mtu mmoja. Na kichekesho kiliwekwa pale kilipowekwa kwa sababu nyuma ya pazia watu walikuwa wanabadili nguo. Wachekeshaji hawakupewa maandishi. Mwalimu wa kikundi aliwaeleza kisa, wakakijaza wenyewe mbele ya watu. Wenzao wakichelewa kuvaa, wao wanarefusha. Ufundi wa namna hiyo nauheshimu kuliko tamthilia nyingi zilizochapwa vitabuni.

Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, CCM iliunda Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba, mtu wa kwaya za jeshi. Kutoka Unguja akaja mwimbaji wao wa taarabu, Khadija Kopa. Muungano nao walikuwa na mwimbaji wao, Nasma Khamis Kidogo. Hapo mji ukagawanyika kama Simba na Yanga. Huyu akitoa wimbo leo, wapenzi wa yule wanahesabu siku za kusubiri jibu, na jibu likija, maana yake inachambuliwa kisimani, sokoni na kwenye daladala. Mambo ya chama yalikuwemo, sikatai, na TOT ilikuwa na vyombo na fedha ambazo wengine hawakuwa nazo. Lakini kina mama wa Temeke hawakuja kusikiliza siasa. Walikuja na neno lao moyoni.

Utawaona wakati wa kutunza. Wimbo ukifika kwenye ubeti unaomgusa, mwanamke anainuka polepole, noti imeshikwa juu ionekane, anacheza mpaka mbele. Hampi mwimbaji haraka. Anageuka kwanza upande aliokaa mbaya wake, anamtazama, ndipo anaiweka noti kwenye kiganja cha mwimbaji. Wa upande ule naye anainuka na yake, kwa ubeti huohuo. Wimbo mmoja, ugomvi wa jukwaani na ugomvi wa ukumbini vinakwenda pamoja, na mwimbaji mzuri anaurudia ubeti ule mpaka wote wawili wamemaliza. Sijui ukumbi mwingine wowote ambako mtazamaji alipewa nafasi kubwa hivyo.

Televisheni ziliingia Bara mwaka 1994. Maigizo yakahamia humo, vikundi kama Kaole vikapata jina kupitia ITV, baadaye zikaja filamu za kununua dukani. Taarabu ikabaki na wapigaji wake wa vinanda, ngoma ikaenda kwenye sherehe za serikali na hoteli za watalii. Hakuna kilichokufa ila kile kitu kizima kilisambaratika.

Nyimbo nyingi za zama zile zimehifadhiwa kwenye kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo sasa ziko TBC. Vichekesho vilivyotungwa papo kwa papo viko vichwani mwa waliovicheza, na wengi wao ni wazee sasa, baadhi wako huku huku Gongo la Mboto, Pugu na Chanika. Kama nyumbani kwako kuna mama au babu aliyekuwa Muungano, TOT, Mandela au kikundi chochote cha mtaani, mkalishe, washa simu urekodi, mwambie akuigizie kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha mpeleke akaonane na vijana wanaofanya mazoezi.