Jina Kabla ya Jeni: Uchovu Sugu na Seli za Masti, 1955–2025

Mnamo Julai 1955 Hospitali ya Royal Free, London, ililazimika kufunga milango kwa kuwa wahudumu wake wenyewe walikuwa wameugua. Zaidi ya 200 kati yao, wengi wakiwa wauguzi wanawake, walipata maumivu ya misuli, kizunguzungu na udhaifu ambao kwa baadhi haukuisha. Mwaka 1956 jarida la The Lancet lilipendekeza jina lililoashiria uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo.

Mwaka 1970 wataalamu wa magonjwa ya akili McEvedy na Beard walidai kuwa tukio lile lilikuwa histeria ya umati. Hoja yao kuu ilikuwa wingi wa wanawake miongoni mwa wagonjwa. Nao walisoma majalada tu, bila kumpima mgonjwa hata mmoja. Hata hivyo, hukumu hiyo ilitawala fikra za matabibu kwa miaka mingi. Jina la Marekani la mwaka 1988, sindromu ya uchovu sugu, halikusaidia sana: nani asiyechoka?

Seli za masti zina historia ndefu zaidi. Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878, akizipa jina la Kijerumani lenye maana ya kunenepeshwa, kwa kudhani zimeshiba chakula. Kumbe chembechembe zilizozijaza zilikuwa histamini, triptasi na kemikali nyingine za kinga. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa baadhi ya familia hurithi nakala za ziada za jeni TPSAB1, inayotengeneza triptasi, pamoja na maumivu, matatizo ya tumbo na kizunguzungu wakati wa kusimama. Ufanano na uchovu sugu ulionekana mara moja. Lakini ufanano si uthibitisho, na wengi wenye nakala hizo hawaugui kamwe.

Mwaka 2025 mradi wa DecodeME wa Uingereza, uliochunguza wagonjwa 15,579, ulitangaza maeneo manane ya jenomu yanayohusiana na ugonjwa huo. Hakuna hata moja lililo kwenye kromosomu ya 16, iliko TPSAB1. Jambo hilo halifungi mjadala, kwani mbinu iliyotumika hulinganisha herufi moja moja za DNA. Idadi ya nakala za jeni hii huhitaji kipimo chake maalumu. Isitoshe, wagonjwa wote waliohesabiwa katika uchambuzi huo walikuwa wa asili ya Ulaya.