Galoni ya Nani?

Wasikilizaji wetu, debe mlijualo, lipimalo mahindi sokoni, asili yake ni mkebe wa mafuta uliochukua galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Twasema "za Kiingereza" kwa sababu galoni si moja, na tofauti hiyo yaweza kumpoteza mwenye motokaa.

Hapo zamani Waingereza walikuwa na galoni kadha wa kadha: ya mvinyo, ya bia, na ya nafaka. Mwaka 1707, zamani za Malkia Anne, galoni ya mvinyo iliwekwa kwa sheria kuwa inchi 231 za ujazo. Waamerika walipojitawala wakaishika hiyo hiyo. Walakini Waingereza wenyewe, mwaka 1824, walizifuta zote wakafanya moja mpya, ichukuayo ratili 10 za maji. Ndiyo maana galoni ya Uingereza ni lita 4.5 hivi, na ya Marekani lita 3.8 hivi. Wafaransa nao walikuwa wamekwisha kuweka lita kwa sheria ya mwaka 1795.

Tazameni matokeo yake. Motokaa ni moja, na njia ni moja. Mwingereza asema, "Yaenda maili 30 kwa galoni." Mwamerika asema, "Maili 25." Wala hapana aliyesema uwongo. Mfaransa asema, "Yatumia lita 9.4 kwa kilometa 100."

Huyu wa tatu amegeuza swali. Wenzake wauliza galoni moja itawafikisha wapi. Yeye auliza safari itakula mafuta kiasi gani. Mtu akiacha lori la maili 10 kwa galoni akatwaa la maili 20, katika kila maili 100 ataokoa galoni 5. Akiacha motokaa ya maili 25 akatwaa ya 50, ataokoa galoni 2 tu, ijapokuwa maili zilizoongezeka ni nyingi zaidi. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani, Larrick na Soll, walionyesha kwamba watu wengi hukosea hapo. Kisha, kwa motokaa mpya za mwaka 2013, serikali ya huko ikaagiza hesabu ya galoni kwa maili 100 iandikwe pia katika karatasi ya kila motokaa.

Basi mnunuzi na aulize kwanza galoni ni ya nani, kisha ahesabu mafuta ya safari zake. Kwa maana fedha hulipwa kwa mafuta, hailipwi kwa maili.